Watangulizi walipatwa na nini? Nadharia nne kwenye mizani kabla ya sura ya 9

Malakiti_Katuba (Lubumbashi)

Wandugu, sura ya 8 ya hadithi yetu ya anga imeishia mbele ya mlango wa ngazi ya chini, na sura ya 9 haiandikiki mpaka tukubaliane Watangulizi, wale wenyeji wa kale wa ile sayari waliotoweka, walipatwa na nini. Tumekuwa waandishi sita, kila mwamba ngozi akavutia kwake, na msomaji makini ameshaanza kuona kwamba nyuzi hazikutani.

Vidokezo vilivyokwisha kutoka havifutiki tena. Sura ya 2: machimbo ya urani, na kipimo cha chombo kinaonyesha urani-235, ile aina inayowaka kwenye vinu, ni asilimia 0.61 ya urani yote badala ya 0.72. Sura ya 4: alama za magurudumu kwenye mwezi wa ile sayari, kina chake sentimita 2, kingo zimelainika lakini zinaonekana. Sura ya 5: mnara ambao sakafu yake ina nyuzi 31 wakati mwamba wa nje una 12. Sura ya 7: vyumba mia na kitu, vikavu, hakuna mfupa hata mmoja. Sura ya 8: milango ya ngazi ya chini, yote imekazwa kutoka nje.

Nadharia zilizo mezani ni nne: waliangamizana kwa vita, wamelala wakingoja ulimwengu upoe, wamejificha kwa kumwogopa mwingine, au walihama tu. Mimi nasimama na ya kwanza. Urani iliyopungua ni urani iliyochomwa, aliye na vinu vingi ana silaha nyingi, na mlango unaofungwa kwa nje ni wa jela. Leteni hoja, ila kila mtu apitishe nadharia yake kwenye vidokezo vyote vitano, asichague kile kinachomfaa.

Fundi_Kasapa (Lubumbashi)

Yaya Malakiti, asante kwa kupanga. Naanza na ile 0.61, maana nadharia yako imeegemea hapo na hapo ndipo pabovu.

Hiyo 0.72 tunayolinganisha nayo ni ya kwetu. Katika mfumo wa Jua karibu kila mwamba una uwiano huo, uwe wa Shinkolobwe, machimbo yetu ya urani ya Katanga, wa Mwezi au wa kimondo, kwa sababu vyote vilitoka kwenye wingu moja miaka bilioni 4.6 iliyopita. Urani-235 hubaki nusu kila baada ya miaka milioni 704, urani-238 kila baada ya miaka bilioni 4.47, kwa hiyo uwiano unashuka wenyewe bila mtu kugusa kitu. Nyota nyingine ilizaliwa kwa wakati wake na kwa mchanganyiko wake. Piga hesabu: mfumo ulioanza sawasawa na wetu, ila ukatutangulia kwa miaka milioni 200, leo ungeonyesha 0.61 bila kinu wala vita. Kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi lolote. Timu ya Nahodha, wachunguzi wa hadithi yetu, ilipaswa kuchukua mwamba wa pili kutoka mbali na machimbo, au kimondo kilichoanguka jangwani, na kulinganisha. Sura ya 2 haina mwamba wa pili. Hilo ni kosa letu waandishi, si la Watangulizi.

Tuseme sasa mwamba wa pili umepatikana na una 0.72. Bado si ushahidi wa kinu kilichojengwa, na sababu yake iko Gabon. Mwaka 1972, kiwandani Pierrelatte, Ufaransa, wapimaji waliona urani kutoka machimbo ya Oklo ina asilimia 0.7171 pale walipotarajia 0.7202. Tofauti ni kiduchu, lakini kwenye kazi ile kila gramu ya 235 huhesabiwa, kwa hiyo wakafuatilia mpaka mgodini. Wakakuta miamba iliyokuwa imewaka yenyewe kama kinu cha nyuklia karibu miaka bilioni 2 iliyopita, na mifuko mingine humo ilikuwa imeshuka hadi kama 0.44. Enzi hizo urani-235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Maji yalipenya kwenye mwamba, yakapunguza mwendo wa nyutroni, chembe zinazopasua atomu za urani, mwako ukaanza. Joto likachemsha maji yakatoka, mwako ukazimika. Mwamba ukapoa, maji yakarudi. Gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya madini ilionyesha mzunguko wa karibu nusu saa kuwaka na saa mbili na nusu kuzima. Mkemia Paul Kuroda alikuwa ameshaandika mwaka 1956 kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Mtu atauliza: mbona Shinkolobwe haikuwaka, na urani yake ilikuwa tajiri kuliko karibu zote duniani? Ni umri. Madini yale yana takriban miaka milioni 650, na wakati huo 235 ilikwisha kushuka hadi kama asilimia 1.2. Kwa maji ya kawaida hiyo haitoshi, kwa sababu maji yenyewe hula nyutroni nyingi. Utajiri wa mwamba pekee hauwashi kitu.

Kwa hiyo kuna vipimo vitatu, na vifanyike kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni uwiano wa urani, pamoja na mwamba wa kulinganishia. Cha pili ni neodimi, aina ya metali: ya kawaida ina karibu asilimia 27 ya neodimi-142, lakini atomu ya urani ikipasuka haitoi 142 karibu hata kidogo. Neodimi ya machimboni ikiwa maskini wa 142, basi urani ilipasukia palepale. Ikiwa neodimi ni ya kawaida na bado 235 imepungua, hapo ndipo nywele zisimame: mtu aliitenga 235, akaichukua, akarudisha mabaki shimoni. Maumbile hayafanyi kazi hiyo. Cha tatu ni urani-236, ambayo huzaliwa 235 inapomeza nyutroni bila kupasuka. Hubaki nusu kila miaka milioni 23.4, kwa hiyo ikionekana kwa wingi, mwako si wa zamani sana. Isipoonekana kabisa, ama hakukuwa na kinu, ama ni mambo ya mamia ya mamilioni ya miaka.

Kamalondo_88 (Lubumbashi)

Fundi umenishika kwenye urani, lakini nadharia ya usingizi haijapewa haki yake. Msingi wake ni Rolf Landauer, 1961: kufuta biti moja ya habari kuna gharama ya nishati isiyokwepeka, na gharama hiyo inapanda na kushuka pamoja na joto la mahali. Anga leo lina kelvini 2.7, yaani nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, na kadiri ulimwengu unavyotanuka litapoa zaidi na zaidi. Mwaka 2017 Anders Sandberg, Stuart Armstrong na Milan Ćirković wakatoa hoja kwamba jamii inayoishi kwa kukokotoa ingepata faida ya mara 10 kwa kipeo cha 30 ikilala sasa na kuamka baadaye sana.

Pitisha kwenye vidokezo. Hakuna mifupa kwa sababu miili waliishaiacha zamani. Mnara una joto kwa sababu mashine ya ulinzi iko macho. Milango imekazwa nje kwa sababu mlinzi ndiye mfungaji. Nadharia gani nyingine inagusa vyote vitatu?

Fundi_Kasapa

Inagusa, lakini haishiki. Mwaka 2019 Charles Bennett, Robin Hanson na Jess Riedel walijibu hoja ile: ulimwengu wa leo bado una nafasi tele ya kumwaga takataka za joto, kwa hiyo kusubiri hakukuongezei kitu ambacho usingekipata ukianza sasa. Na wakati umelala nyota zinaungua bure. Mwenye akili ya kulala miaka yote hiyo angezizima kwanza, au angekusanya gesi kabla haijawa nyota. Anga la hadithi yetu limejaa nyota zinazowaka.

Halafu tazama nyuzi 31. Mtu anayelala ili apate baridi hatandiki kitanda juu ya sakafu yenye joto. Angekuwa pembezoni mwa galaksi, kwenye barafu.

Na huyo mlinzi anakula nini? Juu ya mwezi usio na hewa, vumbi na vimondo vidogo hulainisha uso kwa kadiri ya milimita 1 kila miaka milioni. Alama za sentimita 2 zilizolainika nusu zinatupa miaka kama milioni 10. Plutoni-238, ile inayoendesha vyombo vya anga vya Voyager, hutoa wati 0.57 kwa gramu na hubaki nusu kila miaka 87.7. Baada ya miaka 1,000 tu umebaki na sehemu moja kati ya 2,700. Ukichukua kitu kinachodumu zaidi, joto lake linakuwa dogo kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu kudumu maana yake ni kupasuka polepole. Betri ya namna hiyo haitoboi miaka milioni 10.

Ruashi_B (Lubumbashi)

Mie naona munapita mbio kwa mifupa. Kama vyumba viko na udongo wa asidi, mifupa itayeyuka, hakuna maajabu. Lakini sura ya 7 inasema vyumba ni vikavu. Pakavu vile meno yangebaki, meno njo ya mwisho kuoza. Vyumba mia bila jino? Hawakufia pale. Ile ya vita naitoa.

Nyota_Kipushi (Kipushi)

Nikubaliane na Ruashi, na niongeze la nadharia ya tatu, ile ya kujificha, kwa sababu naona wasomaji wetu wanaipenda kuliko zote.

Kujificha kwa redio ni rahisi: nyamaza. Kujificha kwa joto hakuwezekani. Nishati yoyote unayoitumia, mwisho wake inatoka kama joto, na joto linaonekana kwa mbali katika mwanga usioonekana kwa jicho. Freeman Dyson alilisema mwaka 1960, na mwaka 2015 wanaastronomia waliokagua galaksi kama 100,000 kwa picha za darubini ya WISE hawakupata hata moja iliyotekwa nzima na jamii ya namna hiyo. Kwa hiyo anayejificha kwa kweli ni lazima atumie kidogo sana. Watangulizi wetu tumewapa machimbo ya kilomita kadhaa. Hayo mawili hayakai nyumba moja.

Na hapa nina lawama kwa sura ya 2. Mahandaki yameelezwa vizuri, nguzo, reli, hata alama za patasi. Lundo liko wapi? Mwamba wenye asilimia 4 ya shaba, na hapo ni mwamba mzuri, kila tani 100 zinakuachia tani 96 za kitu usichokitaka. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa: terili jeusi, lile lundo la mabaki ya tanuru, karibu na bomba refu la moshi linaonekana toka mbali, na lenyewe limebeba kobalti na zinki iliyobaki, ndiyo maana watu walirudi kulichakata upya. Mabaki hudumu kuliko mji. Mgeni akitua hapa baada ya miaka milioni, mahandaki yatakuwa yameporomoka na nyumba zimekuwa udongo, lakini kilima cha kioo cheusi chenye madini yasiyolingana na mwamba wa chini yake kitamwambia kwamba palikuwa na tanuru.

Wekeni lundo. Si lazima liwe kubwa, ila liwe na umbo: mteremko mmoja mkali upande wa kumwagia, tabaka za rangi kadiri walivyobadilisha mwamba, na chembe za chuma zilizoganda mviringo. Ukikata tabaka hizo unasoma walichimba kwa muda gani na waliacha ghafla au polepole. Tabaka la mwisho likiwa jembamba na hafifu, walikuwa wanamaliza. Likikatika nene, waliondoka kazi ikiwa moto.

Nadharia ya kuhama nayo iwe na kipimo. Kwa asilimia 1 ya kasi ya mwanga, galaksi yenye upana wa miaka ya nuru 100,000 inavukwa kwa miaka milioni 10. Kwa kasi ya Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, ni kama miaka bilioni 1.8. Kama Watangulizi waliondoka miaka milioni 10 iliyopita na vyombo vya kasi, Nahodha angewakuta tangu sura ya 1. Basi walihama na vyombo vya polepole, au hawakwenda mbali.

Birere_Goma (Goma)

Salaam wakubwa wa Katanga. Nimesoma tangu juu, na naona mnajadili ule mlango kana kwamba kuna sababu moja tu ya kukaza komeo kwa nje. Sisi huku tunayo nyingine, na jina lake linajulikana na kila mtoto: mazuku.

Mazuku ni mahali pa chini, shimo au bonde dogo, ambapo kabonidioksidi inatoka ardhini na kutuama. Yako magharibi ya Goma, kuelekea Sake, kwenye lava za zamani kando ya ziwa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi, haina harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa mpaka ukingoni kama maji kwenye sufuria. Jua likipanda na upepo ukiamka, inapungua. Mbuzi akishuka kula majani, anabaki humo. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama pale ambapo mtoto anayecheza chini, au mtu aliyeinama kuokota kuni, anaanguka. Ikifika asilimia 10 ya hewa, fahamu zinapotea ndani ya dakika chache, na ndani ya mazuku inaweza kupita nusu ya hewa yote.

Sasa rudini sura ya 8. Ni ngazi gani imefungwa? Ya chini. Ni milango mingapi ya ngazi za juu imefungwa? Hakuna. Jela haipangwi kwa kimo. Gesi hupangwa kwa kimo. Na komeo liko nje kwa sababu anayefunga anasimama upande anakopumua.

Mkitaka msomaji aone tofauti bila kuambiwa, onyesheni mlango wenyewe kwa karibu. Mlango wa jela una tundu la kupitishia chakula, bawaba nene, na mikwaruzo upande wa ndani. Mlango wa gesi hauna tundu. Kizingiti chake kimeinuliwa kwa kadiri ya goti. Lakiri imepakwa kuzunguka ukingo wa chini kwanza, nene, halafu inapungua kuelekea juu, kwa sababu aliyepaka alijua inavuja wapi. Na kuna bomba linaloanzia usawa wa sakafu, si darini, linapanda hadi nje ya mnara. Fundi wa hewa safi hunyonya juu; anayepigana na mazuku hunyonya chini.

Joto la sakafu nalo ni hilo hilo. Nyuzi 31 dhidi ya 12 si mashine. Ni mlima uko chini yenu.

Fundi_Kasapa

Ndugu wa Birere, hii imenikaa vizuri kuliko zote, na inanitatulia shida ya mlinzi: hakuna mlinzi wala betri. Swali moja la kitaalamu. Volkeno moja haiwaki miaka milioni 10 mfululizo.

Birere_Goma

Haiwaki, lakini eneo linawaka. Bonde la Ufa la huku limekuwa na volkeno kwa mamilioni ya miaka, zikilala na kuamka, moja ikifa nyingine inazaliwa kando. Kwa hiyo msiseme joto la leo ndilo lililowafukuza. Semeni ardhi ilianza kuvuja gesi wakati wao, wakafunga ngazi ya chini, gesi ikapanda, wakahama. Joto la leo ni la mwamko mwingine. Onyesheni lakiri mbili: ya zamani kwenye ngazi ya kwanza, na ya baadaye, iliyopakwa kwa haraka, kwenye ngazi ya pili, ambayo haikukamilika.

Na kama sayari ina ziwa karibu, msiliache tupu. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 na limeshika chini yake kama kilomita 60 za ujazo za methani na 300 za kabonidioksidi, zikiwa zimebanwa na uzito wa maji ya juu. Ziwa Nyos, Kamerun, dogo mno kwa kulinganisha, lilifumua gesi yake Agosti 1986 na kuua watu karibu 1,700 usiku mmoja. Watangulizi wenye ziwa la namna hiyo wangeshusha mabomba kuitoa kidogo kidogo: ukivuta maji ya chini mwanzo tu, mapovu yanayozaliwa yanayabeba yenyewe na bomba linaendelea bila pampu. Bomba kama hilo likikutwa limesimama kwenye ziwa lililokauka, litasimulia mengi kuliko mnara.

Kamalondo_88

Naondoa nadharia ya usingizi kwenye mnara huu. Naomba ibaki wazi kwa waliohama, huko walikokwenda.

Malakiti_Katuba

Nami naiacha jela. Walihama, si mbali, na hawakuhama kwa vita. Kwa urani napendekeza tufanye hivi: sura ya 9 timu irudi na kimondo chenye 0.72, neodimi ya machimboni itoke ya kawaida, na kwenye lundo la Nyota wakute mabaki ya urani yenye asilimia 0.3. Yaani 235 ilitengwa na ikachukuliwa, na hiyo ndiyo nishati ya safari. Fundi, inasimama?

Kwa mlango, Nahodha ashushe mshumaa kwa kamba. Ukizima, hawaingii.

Fundi_Kasapa

Inasimama, ila ile 0.61 ya sura ya 2 lazima ielezwe: waseme kipimo cha kwanza kilichukuliwa kwenye vumbi la handaki, mabaki ya 0.3 yamechanganyika na mwamba wa 0.72. Kwa 0.61, robo ya vumbi ni mabaki na robo tatu ni mwamba. Hesabu inakubali. Na urani-236 isiwepo, kwa sababu palepale hakukuwa na kinu. Walitenga tu, wakachomea kwingine.

Birere_Goma

Mshumaa hapana, mukubwa. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka pale ambapo mtu ameshaanza kuanguka. Gesi hii inamlevya mtu kabla haijamaliza oksijeni ya moto. Kipimo cha gesi kifungwe kwenye mti mrefu, kishushwe mpaka usawa wa kifundo cha mguu, wangoje namba itulie. Watoboe kwanza juu ya mlango na waachie bomba la sakafuni lifanye kazi. Na asiinamie mtu kufungua lile komeo la chini.

Malakiti_Katuba

Imeandikwa. Nyota aanze na lundo, mimi nachukua mlango.